Saa ya mazoezi isiyolijua jembe: miezi minne ya kuijaribu Uyole

Tangu mwezi wa tatu ninavaa saa ya kupima mazoezi niliyoinunua Mwanjelwa kwa shilingi 95,000, nami naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa Mbeya ambao jasho lao halitoki uwanjani wala jimu, bali shambani, bombani na kwenye kinu. Orodha yake ya mazoezi ni ndefu: kuna kukimbia, baiskeli, kuogelea, yoga, hata kuteleza kwenye theluji. Kulima hakumo, kutwanga hakumo, na kubeba ndoo kichwani hakumo.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye hatua. Saa hizi hukisia hatua kutokana na mtikisiko wa mkono, kwa hiyo mkono ukitulia, mguu hauhesabiwi. Asubuhi moja nilibeba ndoo ya lita 20, mkono wenye saa ukiwa umeishika ndoo kichwani, nikahesabu kimoyomoyo hatua 300 kutoka bombani hadi mlangoni. Saa ikaandika 41. Shambani mambo yaligeuka. Nilipokuwa nikipandishia udongo kwenye matuta ya viazi mviringo, karibu kila pigo la jembe lilihesabiwa kuwa hatua, ingawa nilikuwa nimesogea tuta moja tu. Kwa sababu hiyo nimeacha kulifuata lengo la hatua 10,000, ambalo hata hivyo halikuanzia hospitali: lilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na jina la kifaa hicho ndilo lililobeba idadi hiyo.

Mahali saa hii inapostahili fedha yake ni kwenye mapigo ya moyo. Taa zake za kijani humulika ngozi na kupima mwanga unaorudi kadiri damu inavyopita, na damu haijali kama unakimbia au unapalilia. Nikiwa nimetulia husoma 68. Nikitwanga mahindi hupanda hadi 130, na nilipojipima shingoni kwa vidole, tofauti haikuzidi mapigo matano. Lakini mwezi wa sita, alfajiri yenye baridi kali, mikono ikiwa imekufa ganzi, saa ilikaa dakika kadhaa bila kusoma chochote, kwa kuwa baridi hubana mishipa ya ngozi. Dawa niliyoipata ni kuivaa juu kidogo ya kifundo, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfupa, mkanda ukiwa umebana kiasi, na kuifunika kwa mkono wa sweta.

Kwa kazi zetu, ninawashauri mchague zoezi linaloitwa "Mengineyo" kabla ya kushika jembe, kisha jioni mbadilishe jina kwenye programu ya simu na kuandika "kupalilia" au "kutwanga". Ukichagua "kutembea", kama nilivyofanya wiki ya kwanza, saa hutazama umbali, na kwa kuwa hujaenda mbali, hukuandikia kalori chache zinazokudhulumu. Jambo hili linanigusa, kwa sababu kazi ya mkulima ni mazoezi kamili: orodha ya wataalamu wa Marekani ya nguvu zinazotumika katika shughuli mbalimbali, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1993, imeziweka kazi za shamba na za nyumbani pamoja na michezo. Watengenezaji wangeweza kabisa kuzichukua kutoka huko. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mimi, baada ya kuanza kurekodi hivi, nilizimaliza kwa siku mbili za kupalilia.

Chaji hudumu siku sita. Kioo kimestahimili udongo, ila mkanda wa mpira huwasha ngozi jasho likikauka chini yake, hivyo ninauvua na kuuosha kila nitokapo shambani, na usiku ninaihamishia saa mkono wa kulia.