Ua la Moto Bustanini Tanga: Ua Nalipenda, Kiazi Chake Kinaninyima Usingizi

Asalaam aleikum, hamjambo wapenzi watazamaji! Karibuni tena uani kwangu, Tanga, na leo sina maneno mengi. Haya, mnacheka, mnanijua.

Mpwa wangu, sogeza kamera. Siyo usoni kwangu, kwenye ua! Lioneni hilo jama. Petali sita, zote zimepinduka nyuma utadhani zimepigwa na upepo wa kusi, kingo zina mawimbi, shinani njano, juu nyekundu ya kaa la moto. Kitaalamu Gloriosa superba, mimi naliita ua la moto. Sifa zake nyingine naziruka, mtu wa Pangani ameshalikuta likijiotea vichakani kwenye mchanga, halihitaji kutambulishwa. Wenzetu Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Sisi tunalifyeka, wakati mimi nasema kila nyumba iwe nalo!

Sasa kilichonitia wazimu ni hiki hapa. Njoo karibu, karibu zaidi. Mnaiona ncha ya jani? Mtango una vikamba vyake vya kupandia, pembeni kabisa. Huyu hana. Jani lenyewe linarefuka nchani, linajikunja kama mkia wa kinyonga, linakamata. Asubuhi nilichomeka njiti ya fagio la chelewa hapa, ikigusana na ncha. Weka ile picha ya asubuhi, mpwa wangu. Haya, ilikuwa imenyooka. Sasa hivi alasiri imeshajizungusha mara moja na nusu! Navuta njiti, polepole... umeona? Shina zima linakuja nayo. Halijafungwa uzi wala waya, wallahi.

Ila lisikamatishwe kitu kinene. Mwanzo niliweka bomba la maji la plastiki nikijiona fundi. Ncha ikapapasa weee, ikashindwa kuzunguka, mmea ukalala chini. Wavu wa kuku ndio mwenyewe. Bugenvilia yako unaifunga kamba kila wiki na inakushukuru kwa miiba, hili linapanda bila kubembelezwa.

Na najua mmoja ataandika kwenye komenti, "Mbona husemi ua la Usambara?" Saintpaulia, ndiyo, la kwetu hapahapa mkoani, Mjerumani Saint Paul-Illaire alilichukua mwaka 1892, leo dunia nzima wanalifuga madirishani. Nalipenda. Lakini lile ni la kivuli na ubaridi wa mlimani, mimi niko huku chini na jua la Tanga. Nimeshaua matatu. Tuendelee.

Kupanda: mchanga, mboji kidogo, kiazi unakilaza ubavu, usikisimamishe, kina cha vidole vinne. Chunga jicho lake la nchani, likivunjika umekwisha, halitoi lingine kirahisi. Kiangazi litakauka lote mpaka chini. Msilie! Acha kumwagilia, lipo limelala, mvua zikirudi linachomoza. Mwaka wa kwanza mimi nilibakiza kidogo nimwage udongo wote jalalani.

Mpwa wangu, niletee glavu. Na lile kopo.

Hiki ndicho kiazi chenyewe. Nambie wewe mtazamaji, ukikikuta kwenye beseni, utasema nini? Aliyeniuzia alinipa kwenye mfuko wa rambo, elfu 15 kwa kimoja, bei ya kunichuna kabisa, na hakusema neno. Nikakiweka jikoni nikaenda kuswali. Narudi, shangazi yangu ameshika kisu. "Hiki cha futari?" Jamani! Mapigo ya moyo yalinihama.

Kwa sababu humu ndani mna kolkisini. Ndiyo ileile inayotengenezewa dawa ya jongo, na kule Tamil Nadu, India, wakulima wanalipanda ua hili kwa ajili ya mbegu ziende viwandani. Lakini dawa yenyewe huko hospitali inapimwa kwa hadhari, kidogo ikizidi ni sumu. Mmea mzima una sumu, kiazi ndicho kibaya zaidi, na kukichemsha hakusaidii kitu. Mtu anaweza kukaa saa kadhaa hajasikia chochote, halafu kutapika na kuhara, baadaye viungo vya ndani ya mwili vinaanza kushindwa kazi, na aliyenusurika huenda nywele zikamng'oka. Akila mtu, usingoje dalili, usimpe maziwa ukadhani umemaliza. Hospitali, na kipande cha mmea mkononi waone. Mbuzi nao wasikaribie.

Naona nimeanza kwa kuwaambia kila nyumba iwe nalo. Nabadilisha. Una mtoto anayetambaa, au jikoni kwako wanaingia watu wengi? Subiri. Langu nimelihamishia nyuma ya seng'enge, ndoo nimeipaka rangi nyekundu, na viazi vya akiba navifungia kwenye boksi la vifaa, siyo stoo ya chakula. Ua nalipa nyota 5. Kiazi hata nusu sikipi, na yule muuzaji namdai maelezo.

Tumebakiza watu wachache tufike 5,000, jiunge, gonga kengele, wiki ijayo ni zamu ya mrehani, huo angalau unatiwa kwenye kikuba. Ngoja ninawe mikono... Naam, shangazi? Hapana, shangazi! Viazi vyako viko kwenye kapu, hilo kopo liache hapohapo!