Umsikilize mwenyewe, au umpeleke kwa meneja?

Mwenzako anajifungia chooni, anatoka macho mekundu, chai yake mezani imeshika utando. Ufanyeje? Ofisini kwetu hapa Kisumu tumejaribu njia zote mbili.

Kumsikiliza mwenyewe ni haraka. Nilimtoa mmoja hadi ufuko wa Dunga, ziwani, nikaagiza samaki, nikanyamaza. Alipofika kwenye mifupa ndipo akasema hajalala siku 3. Ubaya ni kwamba mzigo unakuhamia, nawe si daktari. Akigusia kufa, muulize waziwazi, usimwache peke yake. Pigeni 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mfikishe hospitali ya rufaa ya Jaramogi.

Meneja ana uwezo usio nao: kupunguza kazi. Samaki wa Dunga hawapunguzi mafaili! Isitoshe, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi 2 angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Lakini siri huvuja. Ya kwetu ilifika kantini kabla ya saa sita.

Mimi huanza na masikio. Kwa meneja tunaenda wawili, akikubali, na ombi moja tu: zamu za usiku ziondolewe.