TAHADHARI: "Dawa" ya kutoa utomvu wa mti imeniachia boneti yenye mabaka

Wenzangu mnaoegesha magari chini ya miti, someni hii kabla hamjakutana na muuzaji wa aina hii.

Niliacha gari chini ya mti siku nne. Niliporudi, boneti na paa vimejaa matone ya utomvu yaliyokauka na jua, magumu kama ulimbo. Nikaanza kuyakwangua kwa kucha (kosa langu la kwanza, nakiri), ndipo akatokea kijana mmoja mcheshi na chupa ya maji ya kunywa. Ndani kuna kitu cheupe pee, lebo hakuna. "Bosi, usijichoshe, dawa yake ninayo."

Mchezo wenyewe uko hapa. Alianza na kioo cha mbele. Matone mawili, kitambaa kikapita mara moja, utomvu haupo. Nikaingia mzima mzima. Wala sikujiuliza kwa nini kaanza na kioo wakati shida yangu iko kwenye boneti. Kioo hata ukikimwagia kopo zima la thina hakidhuriki. Rangi ndiyo inayoliwa.

Nikalipa, akahamia kwenye boneti. Harufu ikanipanda puani, ileile ya pale mafundi wanapopuliza rangi. Alipofika kwenye fenda, ambayo iliwahi kupigwa rangi upya, kitambaa chake kikatoka na wekundu. Gari langu ni jekundu! Nikamuuliza. "Huo uchafu wa zamani, bosi." Nami, sijui siku hiyo akili niliiacha wapi, nikanyamaza. Akamalizia kwa kupaka kitu cha mafuta mafuta, gari likang'aa nikajiona sura, na chupa moja ya akiba nikanunua juu yake.

Mng'ao ule haukuvuka kuosha gari mara mbili. Mafuta yalipotoka, kila palipokuwa na tone pakabaki duara lililofifia, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Taa ya mbele, ambayo ni plastiki, nayo aliipitia na kitambaa hichohicho. Sasa ina vijinyufa vyembamba vilivyotapakaa.

Fundi rangi alinieleza kwamba klia, ile safu ya juu isiyo na rangi, kwa kawaida ina mikroni 35 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Thina kali ikikaa juu yake inailainisha, na kitambaa kikisugua hapohapo kinaondoka nayo.

Ile chupa ya akiba niliijaribu nyumbani. Nilidondosha kidogo kwenye lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Likanywea, likatoboka mbele ya macho yangu. Asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) na thina kali hufanya hivyo. Spiriti ya isopropili (aina ya alkoholi ya kusafishia) haifanyi. Kwa hiyo mtu akikuletea chupa isiyo na lebo, mwombe adondoshe kwenye povu kwanza. Akikataa, ondoka.

Na kazi yenyewe haihitaji miujiza. Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya gari, bodi ikiwa imepoa na gari liko kivulini. Tone lililobaki, lowesha kitambaa laini kwa isopropili, kilaze juu yake nusu dakika hivi, kisha futa polepole bila kukandamiza. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, hasa kama gari limewahi kupigwa rangi upya. Likigoma, rudia; msasa, wembe na petroli viache hukohuko. Ukimaliza, suuza na upake waksi, maana spiriti huondoka na waksi iliyokuwepo.

Kama umeshapigwa kama mimi, usikimbilie kuongeza polishi. Osha eneo hilo kwa sabuni ya vyombo ili mafuta yake yote yatoke, kisha liangalie kwa ubavu juani. Pitisha kucha taratibu: ikiteleza, fundi mwenye mashine ya kung'arishia huenda akapaokoa. Ikikwama, polishi haitasaidia. Kwangu boneti iliteleza. Fenda ilikwama, inasubiri kupulizwa rangi upya.