Mini Ipi Ununue? Vizazi Vyake Kuanzia Kinachofaa Zaidi Hadi cha Kukwepa

Anayetafuta Mini iliyotumika hukutana na tatizo ambalo mnunuzi wa Vitz au IST halijui: magari yaliyopishana miaka kumi yanafanana mno. Taa za mbele ni za mviringo, paa limekaa juu ya vioo kama kofia, matairi yamesogezwa hadi kwenye pembe za bodi, na muuzaji anajua fika kwamba sura hiyo ndiyo iliyomleta mteja. Chini ya boneti, hata hivyo, mna injini zilizobuniwa na kampuni tofauti katika nchi tofauti, na miaka miwili mitatu tu ya tofauti yaweza kumtenganisha mtu anayebadilisha oili na kuendelea na shughuli zake na mwenzake anayeshinda gereji. Mpangilio ninaoutoa hapa ni kwa ajili ya mtu mwenye gari moja, analoliendesha kila siku kwenye barabara zenye matuta na mashimo, na ambaye fundi wake ni mzuri lakini hana mitambo ya kiwanda. Anayetaka gari la kulifunika turubai na kulitoa Jumapili ana haki ya kuupindua wote.

Kabla ya kupanga, tupate kipimo. Mini ya kwanza ilitokana na uhaba. Mgogoro wa Suez wa 1956 ulisababisha mgao wa petroli nchini Uingereza, na mkuu wa British Motor Corporation, Leonard Lord, akataka gari dogo la kweli, lenye kubeba watu wanne bila kunywa mafuta mengi. Kazi hiyo alipewa Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa Smyrna mwaka 1906. Aliigeuza injini ikalala kwa upana wa gari, akaiweka giaboksi chini yake ndani ya oili ileile, akachagua rimu za inchi 10 ili matairi yasile nafasi ya abiria, na badala ya springi za chuma akatumia koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton. Gari lililozinduliwa tarehe 26 Agosti 1959 lilikuwa na urefu wa mita 3.05, na takribani asilimia 80 ya sakafu yake iliachiwa watu na mizigo. Sura ile ambayo leo inauzwa kama urembo ilikuwa matokeo ya hesabu ya nafasi. Kwa hiyo swali langu kwa kila kizazi kilichofuata ni moja: kimeongezwa urefu kiasi gani, na aliyeketi nyuma amefaidika nini?

Nafasi ya kwanza: Cooper ya milango mitano, 2014 hadi 2024

Wapenzi wa asili watanuna, kwa sababu gari hili, linalojulikana kwa msimbo wa F55, ni Mini ya kwanza ya umbo la kawaida kuwa na milango minne ya abiria pamoja na mlango wa buti. Lina urefu wa karibu mita 3.98, yaani zaidi ya robo tatu ya mita kupita lile la 1959, na ukilitazama kwa ubavu unaona kabisa kwamba limevutwa katikati. Hata hivyo, ndilo pekee katika orodha hii ambalo mtu mzima anaweza kuketi nyuma kutoka Mwenge hadi Posta bila kuegemeza magoti kwenye kidevu, na buti lake la lita 278 linapokea mfuko wa mchele na ndoo ya mafuta bila kukunja viti. Ndugu yake wa milango mitatu, F56, ana mitambo ileile na sura nzuri zaidi, lakini buti lake ni la lita 211 na viti vya nyuma ni vya watoto.

Sababu kubwa ya kulipatia gari hili nafasi ya kwanza ni injini. Hii ni injini ya BMW yenyewe, kampuni inayotengeneza Mini za tangu 2001; ni ya silinda tatu, lita 1.5, yenye nguvu za farasi 136, na imetumika katika magari mengine mengi ya kampuni hiyo, jambo linalofanya vipuri vipatikane na mafundi wawe wameizoea. Udhaifu wake wa kawaida ni mpira mkubwa unaoshikilia injini, ambao hupasuka na kuvuja; dalili yake ni mtikisiko wakati gari limesimama kwenye foleni huku gia imeingia. Si ugonjwa wa kuua, ila ni hoja halali ya kupunguziwa bei. Cooper S, toleo lenye nguvu kuliko Cooper ya kawaida, yenye injini ya lita 2.0 na nguvu 192, ni tamu kuendesha, lakini tairi zake huwa na ubavu mwembamba, na shimo moja la Mandela Road linaweza kukuachia rimu iliyopinda.

Kuna jambo la gia ambalo halina jibu rahisi. Magari yaliyotengenezwa kabla ya mabadiliko ya 2018 yana otomatiki ya kawaida ya gia sita, ambayo fundi yeyote wa otomatiki anaielewa. Baada ya hapo kampuni ikaleta giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili, iliyo nyepesi kwenye barabara kuu lakini isiyopenda foleni za kusogea hatua kwa hatua, na ikiharibika bili yake haina huruma. Mimi ningechagua ile ya kwanza. Tatizo ni kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, hivyo mnunuzi wa Nairobi au Mombasa anasukumwa kuelekea giaboksi mpya kila mwaka unaopita, au analazimika kutafuta gari ambalo tayari lina namba za Kenya. Mtanzania anaweza kuagiza la zamani zaidi, lakini atozwe ushuru wa ziada wa uchakavu, na hesabu hiyo aifanye kabla hajatuma fedha, si meli ikiwa imekwisha kutia nanga. Kwa sura, yale ya baada ya 2018 unayatambua kwa taa za nyuma zilizochorwa bendera ya Uingereza, nusu kila upande. Wengine huzipenda, mimi huona kama gari limesahau kutoa lebo ya dukani.

Nafasi ya pili: Cooper isiyo na tabo, mwisho wa 2010 hadi 2013

Kizazi cha pili cha enzi ya BMW, R56, kiliingia sokoni mwishoni mwa 2006 kikiwa na injini zilizobuniwa kwa ushirikiano na kampuni ya Ufaransa ya PSA. Pua yake iko juu kuliko ya mtangulizi wake, kwa sababu kanuni za Ulaya za kumlinda mtembea kwa miguu zilidai nafasi kati ya boneti na injini. Ndani, kipima mwendo kilichokaa katikati ya dashibodi kilikuzwa hadi kikawa kama sahani ya wali. Wazo la kukiweka katikati lilitoka kwenye gari la 1959, ambapo lilirahisisha kutengeneza magari ya usukani wa kulia na wa kushoto kwa dashibodi moja; hapa limekuwa mapambo, na dereva husoma mwendo wake kwenye kijisanduku kidogo nyuma ya usukani.

Ukipata Cooper ya kawaida ya lita 1.6 yenye nguvu 122, iliyotoka baada ya marekebisho ya 2010, umepata gari la heshima kwa bei ya chini ya F55. Kagua nyumba ya thamostati, ambayo ni ya plastiki na hupasuka, kisha pampu ya maji, kisha mirija inayopita nyuma ya injini. Oili ikipungua humwumiza zaidi mwenye gari hili kuliko wengine, basi kijiti cha oili kiangaliwe kila wiki.

Nafasi ya tatu: kizazi cha 2001 hadi 2006

Kama ningekuwa napanga kwa mchoro peke yake, hiki kingekuwa cha kwanza bila mjadala. Frank Stephenson alipewa kazi ambayo wabunifu wengi wangeiogopa: kulichora upya gari linalopendwa, kwa vipimo vya usalama vya karne mpya, bila kulifanya kinyago. Alilifikisha mita 3.63. Boneti lake ni pande moja pana linaloinuka pamoja na taa za mbele, hivyo ukilifungua gari linabaki kama lililotolewa macho, na mstari kati ya boneti na ubavu unapita pale ambapo Mini ya zamani ilikuwa na mshono wa bati uliochomelewa kwa nje. Mshono ule uliachwa wazi ili kuokoa gharama; Stephenson akaurudisha kama alama ya ukoo. Mrithi wake, R56, taa zimefungwa kwenye bodi na boneti limetobolewa matundu mawili kuzipisha, na tofauti hiyo ndogo ndiyo njia ya haraka ya kutambua kizazi ukiwa yadi.

Injini ya lita 1.6 ilitengenezwa Campo Largo, Brazili, katika kiwanda kilichoanzishwa kwa ubia na Chrysler. Ni injini ya chuma, nzito, isiyo na mbwembwe, na inavumilia. Giaboksi ndiyo mtihani. Otomatiki ya mkanda iliyowekwa kwenye One, toleo la chini, na kwenye Cooper iepukwe kabisa, hata ukipewa kwa bei ya kutupa, na zile za mkono za kabla ya katikati ya 2004 zichunguzwe kwa makini, kwani za baadaye ni imara zaidi. Kwa barabara zetu kuna ukaguzi mmoja ambao haupaswi kurukwa: fungua boneti, pitisha kidole juu ya vikombe vya bati vinavyoshikilia shokapu za mbele. Matuta na mashimo huvifumua kutoka chini, na ukikuta bati limevimba kama uyoga, magurudumu hayatanyooka tena mpaka linyooshwe. Cooper S yenye kompresa inayozungushwa na mkanda ndiyo ya kutafuta, mradi uivumilie sauti yake na ugumu wake.

Nafasi ya nne: Mini ya asili, 1959 hadi 2000

Hadi uzalishaji ulipokoma Oktoba 2000, zilikuwa zimetoka 5,387,862. Milango ya zile za mwanzo ilikuwa na bawaba za nje na vioo vya kusukuma. Vioo vya kuzungusha na bawaba za ndani vilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, breki za diski za mbele na rimu za inchi 12 zikawa za kawaida kwa zote mwaka 1984, na mfuko wa hewa wa dereva ukaja mwaka 1996. Kwa matumizi, tafuta za miaka ya 1990. Nyingi zilipelekwa Japani, ambako Mini ilipendwa sana, na baadhi zina kiyoyozi. Za Cooper S za enzi ya ushindi wa Monte Carlo wa 1964, 1965 na 1967 ni za wakusanya magari ya kale, na za kughushi ni nyingi.

Adui ni kutu. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Niliwahi kukagua moja nyekundu, inayong'aa kama tufaha, na sumaku ikateleza kutoka chini ya mlango hadi kwenye tao la gurudumu bila kushika popote. Mtu aliyeipaka rangi alikuwa ameijenga upya kwa puti. Inua zulia la buti pia, kwani betri hukaa humo na maji hutuama chini yake, kisha ulale chali utazame fremu ndogo ya nyuma. Injini yake, kwa upande mwingine, fundi wa mtaani anaifungua na kuifunga kwa spana za kawaida.

Ya kukwepa: Cooper S ya 2007 hadi 2010

Hii ndiyo inayouzwa rahisi kuliko ubora wa sura yake, na rahisi hiyo ina sababu. Injini yake ya tabo inajulikana kwa cheni ya taimingi inayolegea, pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa inayochoka, na valvu zinazoganda masizi. Cheni iliyolegea hugonga sekunde chache injini inapowashwa ikiwa baridi, kisha hunyamaza, ndiyo maana muuzaji mjanja hupenda kuipasha moto kabla hujafika. Nilimsindikiza shemeji yangu kwenye yadi moja saa moja asubuhi kuangalia ya 2008. Nikaweka kiganja juu ya boneti, likawa la moto. Tukaomba kurudi kesho yake, kesho yake likawa la moto tena, na sababu safari hii ilikuwa kwamba lilikuwa limetoka kuoshwa. Hatukuwahi kuisikia injini ile ikiwa baridi, na hatukuinunua. Ya kuanzia mwisho wa 2010 ina injini iliyorekebishwa na ni bora, lakini hesabu ya matengenezo iwe mfukoni.

Zilizobaki

Countryman nitaipita haraka. Ya kwanza, ya 2010, ilitengenezwa Graz, Austria, na ilikuwa na urefu wa mita 4.1, ya sasa inatoka Leipzig na imefika mita 4.43. Ni gari la familia lenye uvungu wa kutosha, lakini kwa fedha hizo kuna magari mengi makubwa zaidi. Mini mpya ya 2024 ya petroli inatoka Oxford, ya umeme inatoka China, na zote zina kioo kimoja cha mviringo cha sentimita 24 katikati ya dashibodi, ambacho kinabeba kipima mwendo, redio na kiyoyozi. Mduara wa 1959 umerudi, safari hii ukiwa umemeza vitufe karibu vyote. Ya petroli haina tena gia za mkono.

Uamuzi ukishafanyika, fungua buti. Mini nyingi za tangu 2001 hazina tairi la spea, kwa kuwa zilitoka kiwandani na tairi ngumu zinazoweza kutembea kilomita kadhaa bila upepo, na wamiliki wengi huku wameziondoa na kufunga za kawaida ili gari lilainike. Kama ndivyo, muulize muuzaji ni kitu gani kitakachokutoa Chalinze usiku tairi likipasuka, na gharama ya kitu hicho ikatwe kwenye bei.