Kadi za nukta pacha na nukta mkato: uzoefu wangu

Binti yangu ana miaka 10, na hadi majuzi alama aliyoiamini ilikuwa moja tu, mkato. Ndiyo maana nikanunua kadi hizi. Zina maneno ya kupanga mezani yawe sentensi, pamoja na vijikadi vya alama ambavyo mtoto anavichomeka mwenyewe. Nazipa nyota 4 kati ya 5.

Nukta pacha haikumsumbua. Alipanga "Mkobani mna vitu vitatu", akaniangalia, akauliza, "Vitu gani?" Nikamwambia hapo swali linapozuka ndipo nukta pacha inapokaa, kisha orodha inajibu: daftari, rula na kifutio.

Utamu uko kwenye nukta mkato. Kadi moja ilitupa sentensi hii: "Walifika wageni hawa: Asha, mwalimu, Juma, fundi baiskeli, na Neema, muuguzi." Nikamwuliza wamefika wangapi. Akahesabu kwa vidole: sita. Tukabadilisha mikato miwili tu: "Asha, mwalimu; Juma, fundi baiskeli; na Neema, muuguzi." Akacheka, "Kumbe watatu!" Mimi enzi zangu niliambiwa nukta mkato ni pumziko refu kuliko mkato na fupi kuliko nukta. Mtoto atalipimaje pumziko hilo?

Kasoro zipo. Kadi kadhaa zinaweka nukta pacha baada ya "ni", kama "Rangi nizipendazo ni: nyekundu, kijani na buluu." Kwangu hilo ni kosa, maana "ni" imeshaifungulia orodha mlango na sentensi inakatwa kabla haijatimia. Nimezitoa kwenye boksi. Karatasi ya majibu nayo haitoi sababu, kwa hiyo bila mtu mzima pembeni mtoto atabahatisha. Na vijikadi ni vidogo mno. Nukta mkato mbili zimeshapotea, tumechora nyingine kwenye karatasi.

Jingine, alipoizoea nukta mkato akaitia kila mahali, hata kwenye "kalamu, rula, kifutio", ambako mkato unatosha kabisa. Hilo kadi hazilisemi popote. Nikaacha kumsahihisha, nikamwambia atunge orodha zake mwenyewe. Jana usiku akaniletea hii:

"Sababu za kutolala mapema ni tatu: kitabu, ambacho hakijaisha; paka, ambaye amelalia mto wangu; na wewe, mama, ambaye pia hujalala."