Kulazwa kwa Hiari na Kulazwa kwa Lazima Huko England

Mgonjwa wa akili anayelazwa kwa hiari huingia wodini kwa ridhaa yake, na kwa hiyo anabaki na haki ya kukataa dawa na ya kuondoka atakapo. Haki hiyo ina mpaka anaopaswa kuelezwa siku ya kwanza: akiwa tayari mlangoni na begi lake, muuguzi wa afya ya akili mwenye sifa anaweza kumzuia kwa saa zisizozidi 6, na daktari kwa saa zisizozidi 72, ili afanyiwe tathmini.

Kulazwa kwa lazima hufuata Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983. Kwa kawaida madaktari wawili hupendekeza, kisha mtaalamu aliyeidhinishwa, mara nyingi ofisa ustawi wa jamii, hutia saini maombi. Kifungu cha 2 huruhusu tathmini kwa siku zisizozidi 28. Kifungu cha 3 ni cha matibabu, na muda wake unaweza kuongezwa.

Hapa dawa zaweza kutolewa bila ridhaa, jambo zito mno, lakini mgonjwa hupata wakili wa bure wa kumwakilisha mbele ya baraza la rufaa, na aliyeshikiliwa kwa kifungu cha 3 hustahili huduma za bure baada ya kutoka.

Naipendelea hiari, mradi iwe ya kweli. Mtu anayeambiwa "kubali, la sivyo tutakushikilia" hajaridhia kwa uhuru, na ana kila sababu ya kudai aelezwe haki zake kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, kabla hajajibu.