Kliniki ya kifafa Mbeya: daktari nyota tano, dirisha la dawa nyota mbili

Nilimpeleka mdogo wangu kwenye kliniki ya kifafa ya hospitali moja kubwa Mbeya, tukitokea Mbozi. Alikuwa anaanguka tangu mwaka juzi, na pale mtaani wengine walishafunga kesi: karogwa.

Daktari alitumia muda mrefu kuuliza maswali kabla ya kuandika chochote. Kifafa kinaanzia wapi? Nikamwambia mkono wa kulia unaanza kutetemeka peke yake, ndipo anadondoka. Akaagiza CT scan, picha ya ndani ya kichwa. Bei inauma, jiandaeni. Picha ilipotoka alitugeuzia kompyuta tuone wenyewe: vidoa vyeupe kama punje za mchele, yaani vifuko vya mnyoo aitwaye tegu vilivyokwisha kufa, na kifuko kimoja bado kizima, na ndani yake nukta ambayo ndiyo kichwa cha mnyoo.

Tukabisha. Mdogo wangu ni Msabato, nguruwe hagusi! Daktari akachukua karatasi akachora. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko isiyoiva vizuri hupata tegu la tumboni. Anayepata vifuko kichwani ni aliyemeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, yakapita kwenye mikono, mboga au maji. Akataka nyumba nzima tupimwe choo. Aliyekutwa nalo ni mume wangu, mla kitimoto wa kila Jumamosi. Utani unaoendelea sasa kati ya shemeji hawa wawili hauandikiki.

Kilichonifanya nimpe tano ni kwamba hakutoa dawa ya minyoo siku ileile. Alisema kifuko kikifa ghafla ubongo huvimba, kwa hiyo prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, inatangulia. Akatutuma kwanza kwa daktari wa macho, maana kifuko kikiwa ndani ya jicho dawa inaweza kuliharibu. Vile vidoa vyeupe havihitaji albendazole, yaani hiyo dawa ya minyoo, vimeshakufa; ila vinaweza kuendelea kuleta kifafa, ndiyo maana carbamazepine, dawa ya kuzuia kifafa, haiachwi kiholela.

Sasa dirisha la dawa. Cheti kimeandikwa albendazole kwa uzito wa mgonjwa, miligramu 15 kwa kila kilo kwa siku, siku 10. Yule dada akatupa kidonge kimoja cha kutafuna, kile cha watoto wa shule, akaita anayefuata. Nilipomrudia akanijibu kwamba dawa ya minyoo ni kidonge kimoja. Ikabidi turudi kwa daktari, naye akashuka mwenyewe hadi dirishani. Foleni ya malipo nayo ni ya asubuhi nzima.

Mkienda, mwende na mtu aliyewahi kumwona mgonjwa akianguka, au mrekodi kwa simu. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu, na swali la kwanza litakuwa ni mkono upi ulianza. Hesabuni vidonge kabla hamjaondoka dirishani.